Trekta Isiyozimwa Mchana

Asubuhi trekta iliwaka mara moja, stata haikumaliza hata mizunguko miwili. Ikalima shamba la mpunga karibu na Minjila mpaka saa sita na nusu, kisha dereva akaizima na kwenda kula chini ya mwembe. Nusu saa baadaye alipogeuza ufunguo, stata ilizungusha injini kwa nguvu ile ile ya asubuhi, feni ikapepea, lakini injini haikuitikia. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Mwishowe akashuka, akamwambia mwenye trekta, "Nisamehe, mzee. Nimejisahau. Hii haizimwi mchana."

Kauli hiyo nimeisikia Garsen zaidi ya mara moja, nayo husemwa kama watu wanavyotaja ukaidi wa punda fulani. Kwa hiyo trekta huachwa ikinguruma kivulini saa nzima, dereva anakula, dizeli inaungua bure, maana ikizimwa itasusa mpaka jua lipungue. Trekta ya namna hiyo inanihuzunisha, kwa sababu inasema waziwazi kinachoiuma na hakuna anayeisikiliza. Saa inayochagua kukataa ndiyo inayoonyesha ugonjwa uko wapi.

Kule juu Nyeri au Meru, mto Tana unakoanzia, dereva mwenye shida ya kuwasha huegesha mteremkoni, akaachia breki na kutia gia. Huku chini, kwenye delta, nchi ni bapa kiasi kwamba mto wenyewe husitasita, ukajigawa na kuzungukazunguka kabla ya kuifikia bahari. Hakuna pa kuteremkia. Tena muda hausubiri. Udongo wa delta ni mfinyanzi mweusi: ukilowa hung'ang'ania matairi, ukikauka hugeuka tofali lenye nyufa za kuingiza mkono. Kati ya hali hizo mbili zipo siku chache tu za kulima, na mkulima aliyekodi trekta kwa ekari huzihesabu moja moja. Wapokomo, wenyeji wa huku, wamelima kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji ya Tana tangu zamani sana, lakini tangu bwawa la Masinga, kule juu mtoni, lianze kazi mwaka 1981, mafuriko hayaji tena kwa mpango ule ambao wazee waliujua. Mchana mmoja uliopotea una uzito wake.

Mwenye trekta alikuwa ameanza kupiga hesabu ya betri mpya. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Betri iliyochoka huizungusha injini kwa kukokota, kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni. Injini yetu ilizunguka kwa kasi. Betri, nyaya na stata vilikuwa vimeshajitetea vyenyewe, ila kila mtu alikuwa akiendelea kuvishuku.

Fundi alifika kwa bodaboda, mfuko wa spana begani. Hakufungua kitu. Aliuliza, "Moshi ulitoka?" Dereva akafikiri kidogo, akasema hapana. Fundi akamwomba apige stata tena, naye akasimama kando akitazama bomba la moshi. Halikutoa hata wingu dogo.

Swali hilo moja lina sayansi nyingi ndani yake. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi ipasavyo huko Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo ambalo kila aliyejaza upepo tairi la baiskeli amelihisi kwa vidole: hewa ikibanwa hupata moto. Katika injini ya trekta pistoni huibana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja ya 16 au zaidi ya nafasi iliyokuwa nayo, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyizwa humo kama ukungu, huwaka yenyewe. Basi injini inayozunguka vizuri bila kuwaka ina kasoro ya hewa au ya mafuta, na moshi ndio unaotofautisha. Moshi mweupe una maana kwamba dizeli imeingia, imegeuka mvuke, lakini haikukuta joto la kutosha. Hapo ringi na valvu ndizo za kushukiwa. Bomba kavu lina maana kwamba dizeli haikufika kabisa.

Alianza na vitu vya bei rahisi. Waya wa kuzimia injini ulikuwa umerudi mahali pake. Ukikwama umevutwa nusu, injini hukaa katika amri ya kuzimwa hata upige stata mpaka jioni. Akafungua kifuniko cha tangi huku ametega sikio. Tundu la kupumulia la kifuniko likizibwa na tope, hewa haiingii kuchukua nafasi ya dizeli inayotoka, na tangi huanza kuyavuta mafuta kwake. Trekta ya hivyo hufifia na kuzima yenyewe kazini, na ukifungua kifuniko husikia mfyonzo wa hewa. Yetu ilikuwa kimya. Kikombe cha kioo chini ya filta kilionyesha maji kidogo sana. Akalegeza nati ya bomba moja kwenye nozeli, akasogea pembeni, stata ikapigwa. Mafuta yalichuruzika pale yalipopaswa kuruka kwa vishindo. Fundi akaielekea pampu.

Pampu ya trekta nyingi ndogo ni ya mzunguko: rota moja inayogawa dizeli kwa silinda zote kwa zamu. Mmarekani Vernon Roosa ndiye aliyeibuni, na ilipoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilifanya injini ndogo za dizeli ziwe nafuu vya kutosha kuingia mashambani. Ni chombo kidogo cha kubeba kwa mkono mmoja. Ndani yake chuma huteleza ndani ya chuma bila ringi na bila mpira. Kinachozuia dizeli isivuje ni wembamba wa pengo tu, maikroni moja au mbili hivi. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni kama 70. Kwa wembamba huo pampu inaweza kuisukuma dizeli kwa shinikizo la karibu mara 200 ya lile la hewa tunayovuta, kiasi cha kufungua nozeli.

Sasa fikiria pengo hilo limelika. Mvujo katika upenyo mwembamba hufuata kanuni kali: pengo likiwa pana mara 2, mvujo huongezeka mara 8. Kwa hiyo mchubuko ambao jicho haliuoni unatosha kuifanya pampu idhoofike. Hata hivyo asubuhi trekta iliwaka, kwa kuwa dizeli baridi ni nzito kidogo na uzito huo, mnato wake, huziba pengo la pampu iliyochakaa. Joto la dizeli likipanda kutoka nyuzi 40 hadi 80, mnato hushuka hadi karibu nusu, na mvujo huongezeka karibu maradufu tena.

Lakini mbona hiyo hiyo pampu ya moto ilikuwa ikilima bila tatizo saa sita mchana? Hapa ndipo watu wengi hukwama, nami nilikwama miaka mingi. Jibu ni muda. Injini ikilima kwa mizunguko kama 1,800 kwa dakika, kila msukumo wa pampu huisha haraka kabla mafuta hayajapata nafasi ya kutoroka. Kwa stata injini hupata labda mizunguko 200. Msukumo unakawia mara 9, na dizeli nyepesi inapata muda wote inaouhitaji kurudi nyuma kupitia kwenye mchubuko. Shinikizo halifiki pa kuifungua nozeli.

Kuna jambo jingine linalostaajabisha. Injini ikizimwa, pampu huzidi kupata moto. Inapofanya kazi, maji huzunguka kwenye ridieta, feni hupuliza, na dizeli kutoka kwenye tangi hupita ndani ya pampu ikiipoza. Ukizima, vyote hivyo husimama kwa pamoja, ilhali bonge la chuma la injini bado lina joto la asubuhi nzima. Joto hilo hutafuta njia, likaingia kwenye kila kitu kilichofungwa ubavuni. Dakika 20 au 30 baada ya kuzimwa, muda wa kula na kunawa mikono, ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Fundi aliomba ndoo ya maji ya mfereji na kitambaa. Alikilowesha, akakikamua kidogo, akakiviringisha kwenye pampu, akakibadilisha kila kilipopata moto. Hakumwaga maji, na alimkataza kijana aliyekuwa tayari ameinua ndoo: chuma cha nje kikipozwa ghafla hujikaza kabla ya rota ya ndani, na penye pengo la maikroni mbili hilo linatosha kuikwamisha rota mpaka ivunje shafti. Tulikaa robo saa. Stata ilipopigwa, bomba likakohoa moshi, na injini ikashika.

Kitambaa hicho hakikuponya kitu. Kilijibu swali. Kama pampu ingepozwa na injini isiwake, tungejua kosa liko kwingine, wala mzee asingelipa gharama ya pampu kwa kubahatisha.

Nitaje na jamaa wa ugonjwa huu, kwa sababu joto lina njia zaidi ya moja. Trekta ikikataa mchana huku stata inakokota au inatoa mlio wa "tak" tu, usiguse pampu. Upinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, na stata iliyokaa karibu na bomba la moshi huumia kwa hilo. Mara nyingi zaidi, pale Garsen ambako upepo wa baharini haupo mbali, ni ukoga wa kijani kwenye vichwa vya betri. Ampea 300 zikipita kwenye kiungo chenye upinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, volti 3 kati ya 12 hupotea hapo, na kiungo hupata moto kama pasi. Brashi ya waya na maji ya moto hutibu hilo kwa dakika 10.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Wapo wanaosimama chini, mbele ya tairi kubwa la nyuma, na kuunganisha stata kwa bisibisi. Trekta ikiwa kwenye gia huwaka na kuondoka papo hapo, na tairi humpitia aliyeiwasha. Watu hufa hivyo duniani kote kila mwaka. Hakuna ekari yenye thamani hiyo.

Jioni, tukiwa tumekaa juu ya tuta, mzee aliuliza pampu inaliwa na nini. Fundi akaonyesha kwa kidevu mtungi wa lita 20 uliokuwa nyuma ya tela, kifuniko chake kitambaa kilichosokotwa. Pampu hii haina oili yake. Kinachoilainisha ni dizeli yenyewe inayopita. Vumbi la udongo wa delta likiingia humo hufanya kazi ya msasa. Maji, yanayojikusanya usiku kwenye tangi lililoachwa nusu katika hewa hii nzito ya pwani, huleta kutu. Na mafuta ya taa, ambayo wafanyabiashara wasio waaminifu walizoea kuyachanganya na dizeli mpaka serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuiondoa faida hiyo, ni mepesi na hayalainishi: huvuja zaidi kwenye pengo na hulipanua pengo lenyewe. Fundi alimshauri mzee aache kila mtungi utulie usiku kucha, amimine kupitia kitambaa kizito, na tone la mwisho lenye weusi asilionee huruma. Tangi alijaze jioni badala ya asubuhi, ili hewa yenye unyevu isipate pa kulala.

Trekta ililima mpaka magharibi, na mara hii iliachwa ikinguruma kwa sababu inayojulikana. Asubuhi, ikiwa baridi, fundi aliifungua pampu. Alikata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, akaviosha kwa dizeli safi, akavifunga kwenye kila mdomo wa bomba, upande wa pampu na upande wa injini, kabla ya kuruhusu mtu yeyote kufagia pale. Kisha akaiviringisha pampu kwenye kitambaa na kuipakia kwenye basi la Malindi, mapajani mwa dereva wa trekta, ambaye aliagizwa asiiweke sakafuni mpaka afike.