KUTIA RANGI GARI NYUMBANI KWA BUNDUKI YA RANGI

Likizo iliyopita nilirudi kwetu Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, nikamkuta mjomba wangu amesimama kando ya pikapu yake, mikono kiunoni. Gari hilo hubeba mahindi na maharagwe ya watu kutoka katika makazi ya wakimbizi kwenda soko la Mbarara, na ndilo linilipialo karo. Milango yake ilikuwa imeanza kuliwa na kutu, na rangi ya boneti ilikuwa ikibambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mafundi wa mjini walikuwa wametaja bei tusiyoiweza. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Tutalitia rangi wenyewe."

Wasomaji wapenzi, nataka kuwaeleza jinsi tulivyofanya, na hasa pale tulipokosea, ili atakayejaribu asipoteze rangi yake wala afya yake.

Kwanza yafaa kujua bunduki ya rangi hufanyaje kazi. Mtambo uitwao kompresa husukuma hewa na kuishindilia katika pipa la chuma. Hewa hiyo hupita katika mpira mpaka kwenye bunduki. Ukivuta kifyatulio, hewa hutoka kwa nguvu mdomoni, hukutana na rangi, na kuivunja iwe matone madogo sana kama ukungu. Matone hayo hutua juu ya bati na kuungana kuwa ngozi moja laini.

Hapo zamani magari yalipakwa kwa brashi, na kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Mambo yalibadilika ilipotoka rangi ya selulosi iitwayo Duco, ya kampuni ya DuPont ya Marekani, ambayo ilitiwa katika magari ya Oakland ya mwaka 1924. Rangi ya namna hiyo hukauka upesi, kwa sababu thina iliyomo huruka hewani na kuiacha. Kwa ajili hiyo haipakiki vizuri kwa brashi, lakini kwa kupulizwa yafaa sana. Hata leo rangi ya selulosi yapatikana madukani Mbarara, na ndiyo tuliyoinunua.

Kompresa tuliazima kwa jirani azibaye pancha. Bunduki tulipewa na fundi mmoja mzee wa Mbarara, ambaye nitamtaja tena mbele.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kabla ya yote tulisugua rangi ya zamani, mahali pasipoonekana, kwa kitambaa chenye thina. Ikiwa rangi hiyo yavimba au kukunjamana, basi selulosi haipatani nayo, na hapana budi kuikwangua yote. Yetu haikukunjamana. Tukaliosha gari kwa sabuni, tukaondoa mafuta yote, kwani rangi haishiki penye mafuta. Kisha tukaisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka bati likang'aa. Kutu ikiachwa chini ya rangi huendelea kula kwa siri. Vishimo tukavijaza puti, tukavisawazisha kwa msasa namba 180, kisha tukalisugua gari zima kwa msasa namba 320 na maji.

Siku ya tatu vidole vyangu vilikuwa vimechubuka. Nikamwuliza mjomba, "Kwani rangi haitaifunika mikwaruzo hii?" Akanijibu, "Rangi haifuniki kitu, mwanangu. Rangi hutangaza." Nami nimeona kuwa ni kweli, maana kila mkwaruzo huonekana mara mbili juu ya rangi inayong'aa. Kwa jumla tulitumia siku nne kwa msasa, na rangi yenyewe haikutuchukua hata nusu siku.

Baada ya hapo tulifunika vioo, taa na magurudumu kwa magazeti na utepe, tukapuliza praima, ambayo ni rangi ya msingi. Ilipokauka tukailainisha kwa msasa namba 600 na maji.

Katika kupuliza, mambo yafuatayo yakumbukwe. Rangi ichanganywe na thina kama kopo linavyoagiza, na ichujwe kwa kitambaa chembamba cha nailoni. Maji yaliyojikusanya chini ya pipa la kompresa yamwagwe, la sivyo yatatoka pamoja na rangi. Jaribu kwanza juu ya karatasi. Shika bunduki mbali na bati kiasi cha shibiri moja, uipeleke sawasawa kwa mkono mzima, wala usipinde kifundo cha mkono. Anza kwenda kabla ya kuvuta kifyatulio, na kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Ukisimama mahali pamoja, rangi itatiririka machozi. Mikono mitatu au minne myembamba, kila mmoja ukingojewa ukauke kidogo, ni bora kuliko mkono mmoja mnene.

Hapa nikiri kosa langu. Boneti niliipuliza jioni, wakati mawingu ya mvua yakija kutoka upande wa ziwa, kwa kuwa niliona haya kuirudisha kompresa kesho yake. Rangi ya buluu ikageuka nyeupe kama iliyomwagiwa unga! Mjomba hakunigombeza, alinipa msasa tu. Sababu yake nilikuja kuifahamu baadaye. Thina irukapo huchukua joto la bati, kama vile spiriti inavyopoza ngozi ya mgonjwa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande hutua juu ya bati lililopoa na kunaswa ndani ya rangi. Basi puliza asubuhi baada ya umande kukauka, kabla ya upepo kuanza kuvuma. Nasi wa Nakivale, ambao barabara zetu ni za vumbi jekundu, tunyunyize maji chini kwanza, na watoto na mbuzi wakae mbali.

Mvuke wa thina huwaka kama petroli, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini. Sigiri, sigara na taa ya moto visiwepo karibu. Kompresa yetu ilikuwa ya injini ya petroli, kwa hiyo tuliiweka mbali, upande upepo utokako, tukatumia mpira mrefu.

Sasa nirudi kwa yule fundi mzee. Alipotukabidhi bunduki yake alitusindikiza mpaka barabarani, nasi tulisimama mara mbili ili apumue. Akatuambia kwamba kwa miaka mingi alipuliza rangi akiwa amejifunga leso tu puani. "Bunduki hii haiui ndege," alisema, "lakini humwinda mwenye kuishika."

Maneno hayo yana ukweli wa kisayansi. Leso, na hata barakoa tulizovaa wakati wa Korona, haziuzuii mvuke. Hapana budi kuvaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na kupulizia mahali wazi. Lakini ziko rangi nyingine zinazochanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa. Vigumishi vingi vya magari vina dawa ziitwazo isosianati, ambazo zaweza kumtia mtu pumu isiyopona, na akishazoewa nazo mwilini, hata kiasi kidogo humbana kifua. Rangi hizo zataka chumba maalumu na barakoa iletewayo hewa safi kwa mpira. Nyumbani hatuna vitu hivyo, kwa hiyo rangi hizo tuwaachie wenye navyo. Ndiyo sababu sisi tulichagua selulosi isiyo na kigumishi, ijapokuwa mng'aro wake haudumu sana.

Tena, msibadilishe rangi ya gari ovyo. Rangi imeandikwa katika kadi ya gari, na ukiibadilisha sharti kadi nayo irekebishwe. Sisi tuliirudia buluu ileile.

Leo pikapu yaenda Mbarara kama zamani. Ukiitazama karibu utaona machozi mawili chini ya mlango wa kushoto. Hayo ni yangu. Mjomba amekataa nisiyaondoe, ati yawe daftari langu la mazoezi. Bunduki tuliirudisha ikiwa imeoshwa, na pamoja nayo mjomba alimpelekea yule mzee barakoa yetu yenye vichujio vipya, kwa kuwa kijana wake ndiye apulizaye sasa.

Wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza hapa na mnaomiliki magari, gari likichakaa hutiwa rangi mpya, bali mapafu hayana fundi. Jifungeni vizuri kabla ya kuvuta kifyatulio.