Utangulizi: Sauti Kwanza, Herufi Baadaye

Fani ya kufundisha kusoma inahangaikia jambo moja: mtoto anayezungumza vizuri atawezaje kutazama alama karatasini na kuisikia humo lugha yake? Nchini Marekani, mtafiti wa usomaji Jeanne Chall aliandika kitabu kizima mwaka 1967 kuhusu mvutano wa kuanza na sauti au na neno zima. Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna unafuu. Irabu zetu ni tano, kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu.

Unafuu huo hutupumbaza. Darasa likiimba ba, be, bi, bo, bu, tunadhani linasoma. Mwonyeshe mtoto mmoja bo peke yake, bila kupitia ba, ndipo utajua. Mwenzake aliyekaririshwa majina ya herufi, a, be, che, de, hukutana na neno baba akaunganisha be na a, na neno likagoma kutoka. Naamini silabi ndiyo mlango wetu, mradi ifunguliwe: mtoto asikie kuwa ba na bu huanza pamoja na kuachana mwishoni, kisha aiondoe b mwenyewe na kuweka t.

Ugumu halisi uko kwenye m na n. Katika mtu, m ni silabi kamili. Katika mboga imeshikana na b. Mbuni akiwa ndege ana silabi mbili, akiwa mtu anayebuni ana tatu, na maandishi ni yaleyale. Kuna pia ngoma na ng'ombe, ambapo alama ndogo hubeba tofauti yote. Tena, watoto wengi hutoka nyumbani ambako r na l hazitenganishwi. Anayeandika karamu akikusudia kalamu ameandika kwa uaminifu alichosikia. Anahitaji mazoezi ya sikio, si alama ya kosa tu. Watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza makosa ya namna hii, na mwaka 2003 wakaonyesha kuwa tahajia yenye kanuni si kazi nyepesi kwa mwanafunzi.

Mwaka 2015 mtaala wa Tanzania wa Darasa la I na II uliweka mbele KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kenya ikaanza Tusome, mpango wake wa kufundisha kusoma. Vitabu vimeongezeka, sikio la mwalimu bado halina mbadala. Kwa hiyo tunaanza bila kitabu: watoto wapige makofi kwa kila silabi ya majina yao, kisha ya mtu, kisha ya mboga.