Je, Wajua? Maajabu ya Kiti cha Msailiwa

Kiti kile kimoja kinachotazamana na jopo kina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na sayansi yake inashangaza kuliko ushauri tunaopeana vijiweni. Haya hapa machache ya kwenda nayo siku jina lako litakapotoka kwenye orodha ya walioitwa.

Uwanja wa Mkapa ungejaa mara mbili

Machi 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliita watu 135,027 kwenye usaili wa nafasi 1,596. Wapeleke wote Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000: utaujaza, utawatoa, utaujaza tena, na watu 15,000 watakuwa bado wamesimama getini. Kila nafasi iligombewa na watu 84 hivi.

Uwanja huo, ulipokuwa bado ukiitwa Uwanja wa Taifa, uliwahi kugeuka chumba cha usaili kweli. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita waombaji zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70, nao wakakaa kwenye viti vya mashabiki. Kwa wingi huo, hatua ya kwanza haiwezi kuwa mazungumzo. Lazima iwe mchujo wa maandishi. Kwa hiyo ukiitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana, ingia ukijua kwamba umeshawapita wengi mno.

Usaili uliodumu miaka 1,300

Mitihani ya kuwania kazi za serikali China ilianza mwaka 605, enzi ya ukoo wa Sui, ikafutwa 1905. Katika mji wa Nanjing palikuwa na vijichumba zaidi ya 20,000 vya watahiniwa. Mtu alipekuliwa mlangoni, akaingia na chakula chake, akalala humohumo kwenye ubao uleule aliouandikia. Waliovuka ngazi zote walifika kwenye mtihani wa mwisho, uliofanyika ndani ya kasri kwa jina la mfalme mwenyewe.

Wazo kwamba cheo kiende kwa aliyefaulu, si kwa mtoto wa fulani, lilisafiri mbali. Uingereza iliunda tume yake ya kuwapima watumishi wa serikali mwaka 1855, wakati China ilikuwa imeshaifanya kazi hiyo kwa zaidi ya karne 12. Ukiona karatasi ya usaili wa mchujo mezani kwako, fahamu kwamba hiyo ni mojawapo ya mbinu kongwe kabisa duniani za kuzuia upendeleo.

Einstein alikwama kwenye swali la Edison

Mwaka 1921 mvumbuzi Thomas Edison aliwapa waombaji kazi karatasi yenye maswali yapatayo 150. Mto Volga uko wapi? Ufaransa inapakana na nchi zipi? Maswali yalivuja, magazeti yakayachapisha, na Marekani nzima ikaanza kujipima. Theodore, mtoto wa Edison aliyekuwa akisoma chuo maarufu cha MIT, alishindwa. Albert Einstein, aliyekuwa ziarani Boston, aliulizwa mojawapo: kasi ya sauti ni kiasi gani? Akajibu kwamba habari hiyo hatembei nayo kichwani, kwani imo vitabuni.

Einstein alikuwa na haki. Maswali ya aina hii hupima kumbukumbu ya vitu vilivyotawanyika, na kukosa moja au mawili si ushahidi kwamba huifai kazi. Jibu lililo wazi, "hilo silikumbuki, lakini najua pa kulitafuta," ni bora kuliko kubahatisha mbele ya mtu anayelijua.

Mipira ya gofu iliwapotezea muda

Kampuni ya Google ilisifika kwa mafumbo kama hili: ndege moja inaweza kubeba mipira mingapi ya gofu? Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa kampuni hiyo, alisema hadharani kwamba mafumbo hayo yalikuwa upotevu mtupu wa muda, hayabashiri chochote. Faida yake, alikiri, ilikuwa kumfanya anayeuliza ajione mwerevu!

Kijana wa miaka 21 aliyerekebisha usaili wa jeshi

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1955 jeshi la Israeli lilikuwa linawahoji vijana wapya kwa mazungumzo ya kawaida. Msaili aliongea na kijana, akamsoma sura, akatoa hukumu kwa jumla. Hukumu hizo zilikuwa hazisaidii karibu lolote. Kazi ya kuzirekebisha akapewa luteni Daniel Kahneman, mwenye umri wa miaka 21.

Kahneman aliteua sifa sita, kwa mfano uwajibikaji na uwezo wa kuishi na watu. Kisha akaagiza kila sifa iulizwe kwa maswali ya mambo yaliyokwisha tokea: umewahi kufanya kazi ngapi? Ulikuwa ukifika kwa wakati? Huonana na marafiki mara ngapi? Kila sifa ipewe alama kabla ya kugusa inayofuata. Wasaili wakakasirika, wakalalamika kwamba anawageuza roboti. Akawapa nafasi ndogo ya mwisho: ukishamaliza alama zote sita, fumba macho, mfikirie kijana huyu akiwa askari, kisha toa alama moja ya jumla.

Matokeo yalimshangaza hata yeye. Alama sita zilibashiri vizuri kuliko mtindo wa zamani, na ile ya kufumba macho nayo ilibashiri vizuri, kwa sababu safari hii ilitolewa baada ya ushahidi kukusanywa. Miaka mingi baadaye, ameshapata Tuzo ya Nobel ya 2002, alitembelea kambi akakuta wasaili bado wanafundishwa kufumba macho.

Sayansi imezidi kumuunga mkono. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti nyingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usaili wa maswali yaleyale kwa kila mtu ukaongoza orodha. Kwako wewe msailiwa maana yake ni kubwa. Kila mjumbe wa jopo la namna hiyo ana karatasi yenye vijisanduku, na kijisanduku hakijazwi na maneno kama "mimi ni mchapakazi". Kinajazwa na tukio: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini wewe mwenyewe, kukatokea nini. Matukio matano au sita ya namna hiyo, yenye tarakimu ndani yake, yatajibu maswali mengi kuliko kurasa 40 za madesa.

Sehemu ya tano ya sekunde

Huo ndio muda ambao binadamu huacha, kwa wastani, kati ya swali la mwenzake na jibu lake. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walipima mazungumzo katika lugha 10, ikiwemo moja ya Namibia, na kila mahali watu walikimbilia kujibu. Hata Wadenmark, waliochelewa kujibu kuliko wote, hawakufikisha nusu sekunde. Cha ajabu, ubongo unahitaji zaidi ya nusu sekunde kuandaa hata neno moja! Yaani jibu tunaanza kulipika kabla mwenzetu hajamaliza kuuliza.

Barazani tabia hiyo ni tamu. Mbele ya jopo ni hatari, kwa sababu maswali ya kazi mara nyingi yana vipengele viwili au vitatu, na anayewahi hujibu kile cha kwanza tu. Sekunde tatu za kimya zitakuelemea wewe, lakini mjumbe pengine bado anaandika. Na kusema "samahani, naomba urudie swali" hakupunguzi alama.

Waliosema "nimechangamka" waliimba vizuri zaidi

Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambayo ndani yake watu waliimba huku mashine ikipima usahihi. Kabla ya kuanza, wengine waliambiwa waseme wana wasiwasi, wengine waseme wamechangamka, wengine wasiseme kitu. Wenye wasiwasi walipata wastani wa alama 53 kwa 100. Walionyamaza, 69. Waliosema wamechangamka, 80.

Moyo unadunda vilevile katika hofu na katika hamu. Kuutuliza ghafla ni kazi ngumu, ila kuuambia kwamba mdundo huo ni wa hamu kunawezekana hata ukiwa kwenye benchi la kusubiria.

Mkao wa ushujaa haukuthibitika

Umewahi kuambiwa usimame dakika mbili chooni, mikono kiunoni, kifua mbele, ili homoni zikupe ujasiri? Ushauri huo ulitokana na utafiti wa 2010 uliohusisha watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine walijaribu kwa watu 200: walijisikia wakakamavu zaidi, lakini homoni hazikubadilika. Mwaka 2016 Dana Carney, mmoja wa waandishi wa utafiti wa kwanza, alitangaza kwamba haamini tena. Kama unaupenda mkao huo, simama, haudhuru. Ila usiutegemee.

Funga daftari, fungua mdomo

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Kundi moja liliyasoma mara nne. Jingine liliyasoma mara moja, kisha likajipima mara tatu bila kuyatazama. Baada ya wiki moja waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40. Waliojipima, asilimia 61. Na hao wa kwanza ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Kwa hiyo mwombe dada au rafiki akuulize maswali, nawe ujibu kwa sauti. Kusoma tena na tena kunaleta raha ya kujua, lakini usaili unataka kutoa.

Na usikeshe. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 12 asubuhi anafika hapo saa 5 usiku. Akifikisha saa 24, hali inakaribia asilimia 0.10. Anayesafiri usiku kucha kwa basi kwenda kwenye usaili Dodoma, ikiwezekana kwa namna yoyote, atangulie siku moja.

Mpira wa giza

Mwaka 1978 shirika la anga la Marekani, NASA, lilichagua wanaanga 35 kati ya waombaji 8,079, miongoni mwao Sally Ride. Sehemu ya upimaji ilikuwa kujikunja ndani ya mpira wa kitambaa wenye kipenyo cha sentimita 86, gizani, bila kuambiwa utatolewa lini. Aliyeogopa kubanwa alijulikana hapohapo. Kazi ikiwa na mazingira yake magumu, tarajia usaili wa vitendo utayaleta mbele yako.

Swali la Jumamosi

Nchini Kenya, tangu Katiba ya 2010, anayetaka kuwa Jaji Mkuu huhojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama huku taifa likitazama runingani. Ni usaili ambao hata muuza mboga ana maoni juu yake. Mwaka 2021 walihojiwa watu 10, akachaguliwa Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Mwaka 2016 alihojiwa David Maraga, Mwadventista wa Sabato, ambaye kwake Jumamosi ni siku ya ibada, si ya kazi. Akaulizwa swali ambalo wengi wangelizunguka: kesi ya uchaguzi wa rais ikiangukia Jumamosi, utaketi? Sheria inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu kuamua kesi hiyo. Akajibu bila kukwepa kwamba ingekuwa vigumu sana kwake kwenda mahakamani siku hiyo, na kwamba angezungumza na wenzake wapange namna. Akapata kazi. Mwaka uliofuata kesi ikaja kweli, na kikao cha kupanga usikilizwaji kikafunguliwa Jumamosi jioni, jua limeshazama na Sabato imekwisha. Septemba 1, 2017, mahakama ikafuta matokeo ya uchaguzi wa rais, jambo ambalo hadi siku hiyo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika.

Tunaogopa swali linalogusa udhaifu wetu. Lililomsaidia Maraga ni kwamba alikuwa na jibu la kweli na pia njia ya kazi kuendelea.

"Unaweza kuimba?"

Mwaka 1914 mwanafizikia Reginald James alihojiwa kwa dakika kama tano na Ernest Shackleton, aliyekuwa akitafuta watu wa kwenda Antaktika. Hakuulizwa fizikia. Aliulizwa kama meno yake ni mazima, kama hana hasira za haraka, na kama anaweza kuimba pamoja na wenzake. Meli yao, Endurance, ilibanwa na barafu ikazama mwaka 1915. Watu wote 28 waliokuwemo walirudi hai, na banjo ya mwenzao Leonard Hussey iliokolewa kutoka kwenye meli kwa amri ya Shackleton mwenyewe. Anayekuuliza unafanya nini muda wa mapumziko anaweza kuwa anapima jambo kubwa.

Kufaulu bila kupata, kisha kupata

Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaweka kwenye kanzidata waliofaulu usaili lakini nafasi zikawa hazikutosha. Ikitokea nafasi ya kada ileile, mtu anaweza kupangiwa kituo bila kukaa tena mbele ya jopo. Wapo walioshangaa kuona majina yao wakati walishakata tamaa. Kwa hiyo usiibadilishe namba ya simu uliyoombea kazi, na ufungue mara kwa mara akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa maombi wa Sekretarieti hiyo. Hata bahasha ya vyeti halisi iangalie leo: jina likiwa na herufi moja tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, tafuta hati ya kubadili jina mapema, maana mlangoni hakuna muda wa kuitafuta.