Nukta Nne za Bakuli la Tabaka

Mchongaji wa Tabaka, huko Kisii, hahitaji rula. Jiwe la sabuni hukatwa vipande kwa msumeno, likachongwa kwa panga, likalainishwa kwa tupa na kisu, kisha maji na msasa huliosha na kulisugua hadi ling'ae. Jicho na kiganja ndivyo vipimo, na uhai wa bakuli la Kisii unatoka hapo. Lakini akija mnunuzi anayetaka mabakuli 500 yanayolingana, ya kupangwa kwenye masanduku yaliyokwisha kukatwa, shida huanza. Moja limezidi nusu sentimita, jingine ukuta wake ni mnene mno, la tatu haliingii sandukuni. Yanayokataliwa humrudia aliyeyachonga, na jiwe lililokwisha kuchongwa vibaya halirudi machimboni.

Shida hiyo iliwasumbua watengenezaji wa magari wa Ufaransa kabla haijamsumbua mchongaji wetu. Boneti ya gari ilichorwa kwa mkono, ikafinyangwa kwa udongo na kuchongwa kwa mbao, na kila fundi aliyeipima alipata mpindo wake. Mwaka 1959, Paul de Casteljau, mwanahisabati aliyeajiriwa na Citroën, aligundua namna ya kuuandika mpindo kwa nukta chache tu. Kampuni yake iliificha siri hiyo. Katika miaka ya 1960, Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, alifika pale pale kwa njia yake mwenyewe, akachapisha alichopata. Ndiyo sababu mipindo hiyo inaitwa kwa jina la Bézier hadi leo.

Siri yenyewe unaweza kuijaribu mezani. Weka nukta 4 kwenye karatasi. Ya kwanza iwe ukingo wa bakuli, ya mwisho iwe kitako. Mbili za katikati zikae pembeni, kwa kuwa kazi yao ni kuuvuta mstari kuelekea kwao. Ziunganishe nukta hizo kwa mistari 3 iliyonyooka, kisha tia alama katikati ya kila mstari. Unganisha alama hizo 3, upate mistari 2. Tia tena alama katikati ya kila mmoja. Unganisha hizo mbili, tia alama ya mwisho katikati. Nukta hiyo ya mwisho imo juu ya mpindo wenyewe, bila kukosea hata unywele. Rudia kwa robo badala ya nusu, kisha kwa robo tatu, na ubavu wote wa bakuli utajitokeza.

Kwa hiyo ubavu wa bakuli ni nukta 4, na kila nukta ina namba 2. Jumla ni namba 8, unazoweza kumsomea mtu wa Mombasa kwa simu akachora mpindo ule ule. Kompyuta ikiuzungusha mpindo huo kama gurudumu la mfinyanzi, bakuli zima linatokea kwenye kioo, na hapo linaweza kupimwa kabla jiwe halijaguswa. Chukua bakuli la nusu tufe lenye upana wa sentimita 20. Ukuta wake ukiwa wa sentimita 1, litakuwa na uzito wa gramu 1,560 hivi. Ukipunguza ukuta hadi milimita 8, uzito unashuka hadi gramu 1,275 hivi. Kwa mabakuli 500, hizo ni zaidi ya kilo 140 ambazo hakuna atakayezilipia nauli.

Hata hivyo, hakuna programu moja inayofanya yote. Moja huchora, nyingine hupanga masanduku, nyingine huiongoza mashine ya kukata. Kazi huharibika pale zinapopokezana. Faili ya STL, ambayo printa za 3D huitumia sana, haibebi kizio cha kipimo. Ndani yake imeandikwa 200 tu. Programu ya kwanza ilimaanisha milimita. Ya pili ikisoma inchi, bakuli lako lina upana wa zaidi ya mita 5. Isitoshe, faili hiyo huukatakata mpindo kuwa pembetatu ndogo ndogo, na zikiwa chache, ubavu laini unakuwa na pembe. Faili za STEP, zilizowekewa kanuni ya kimataifa mwaka 1994, hubeba mpindo wenyewe pamoja na kizio cha kipimo chake.

Wakubwa pia wamejikwaa hapo. Mwaka 2006 ndege ya Airbus A380 ilicheleweshwa kwa sababu nyaya zilizoandaliwa Hamburg zilipofungwa Toulouse zilikutwa fupi. Wahandisi wa miji hiyo miwili walitumia matoleo mawili tofauti ya programu ile ile, CATIA.

Tabaka haihitaji mitambo ya Airbus. Programu ya kuchora ya FreeCAD hupatikana bure. Mpindo ukishachorwa humo, unaweza kuchapishwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, ukabandikwa kwenye ubao mwembamba na kukatwa. Hicho ni kiolezo. Mchongaji anakiweka ubavuni mwa bakuli na kulielekeza kwenye jua. Mwanga ukipenya ukingoni mwa bakuli, basi tumboni ndiko kiolezo kimegusa, na hapo ndipo pa kupunguza. Usipopenya popote, bakuli liko sawa. Samaki, twiga na maua ya kupamba yanabaki kazi ya mkono wake.

Njia hiyo hiyo inafaa katika kaunti jirani ya Nyamira, gia ya mashine ya kiwanda cha chai inapolika meno: ipimwe kwa kalipa, ichorwe, na fundi wa kukata apelekewe faili yenye kizio cha kipimo ndani yake. Masharti ni machache. Kila mtu atumie milimita. Mchoro mama uwe mmoja, na mabadiliko yote yafanywe humo. Na kila faili inapopokewa, upimwe kwanza upande mmoja unaojulikana.

Ninawatazamia vijana wanaojifunza uchoraji huu kwenye vyuo vya ufundi vya Kisii na Nyamira. Likizo ikifika, mmoja wao aende Tabaka na kompyuta yake, aketi na mzee anayechonga. Kijana anajua namba 8 za bakuli. Mzee anajua ni jiwe lipi litapasuka ukuta ukifika milimita 8, na hilo kijana hatalikuta kwenye faili yoyote. Wakishapatana juu ya unene, ndipo kiolezo kikatwe.