Daftari la Dawa ni Mlinzi wa Mgonjwa

Wenye maduka husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili ni kweli dukani, na ni kweli kwa mfugaji apelekaye maziwa sokoni. Lakini ni kweli zaidi kando ya kitanda cha mgonjwa, maana fedha iliyopotea huweza kutafutwa tena, bali uhai haurudi.

Tuseme yuko mzee mmoja wa Kitengela mwenye ugonjwa wa sukari, naye hutunzwa nyumbani na binti yake pamoja na mkaza mwana. Alfajiri binti amdunga mzee sindano ya insulini, kisha atoka mbio kupanda gari la Nairobi, wala haandiki neno. Baadaye mkaza mwana aamka, aona chupa mezani, adhani mzee hajapata dawa, naye amdunga tena. Wote wawili wametenda kwa upendo. Lakini insulini ikizidi, sukari katika damu hushuka mno. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa, na asiposaidiwa upesi aweza kuzimia, hata kufa. Mstari mmoja wa kalamu ungalizuia hatari hiyo.

Katika hospitali kila mgonjwa aliyelazwa huwa na karatasi yake ya dawa. Mwuguzi wa usiku hamwoni tena mwenzake wa mchana aliyekwisha kwenda zake, huitazama karatasi. Na mgonjwa apelekwapo kutoka Kitengela mpaka Kajiado, kwa barabara iendayo Namanga, huenda akafika hana nguvu za kusema. Karatasi ndiyo itakayosema kwa ajili yake.

Wafugaji wa Kajiado nao wana haja kubwa ya jambo hili, kwa kuwa wakati wa ukame huhama na ng'ombe kutafuta malisho. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida hutumiwa kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na mtu akiziacha katikati, ugonjwa waweza kurudi ukiwa na nguvu ya kuzishinda dawa. Mgonjwa ahamapo na achukue kadi yake, ili zahanati ya huko aendako ijue ameanza lini na amefika wapi.

Kuandika vema kuna kanuni chache. Kabla ya kutoa dawa, hakikisha mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na saa imefika. Ukiisha kuitoa, andika papo hapo: tarehe, saa, jina la dawa, kipimo, na sahihi yako. Usiandike kabla ya kutoa, maana mgonjwa aweza kuikataa. Akikataa, andika hivyo pamoja na sababu yake. Usimtilie mwenzako sahihi. Ukikosea usifute, piga mstari mmoja, kosa lisomeke, uandike lililo sahihi kando yake. Tena andika mbele, mahali pa kuonekana, dawa yo yote iliyopata kumdhuru mgonjwa huyo.

Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani mwako yumo mtu atumiaye dawa kila siku, nunua daftari dogo, ulifunge kwa uzi pamoja na kalamu, ulitundike karibu na dawa. Kila amtunzaye na alisome kwanza, ndipo aguse chupa.