Leh: Mji Ambako Mgeni Hupumzika Kwanza

Ndege itokayo Delhi hufika Leh, katika Ladakh, kaskazini mwa Bara Hindi, kwa muda upatao saa moja na robo. Safari ni fupi, na hatari yake imo katika ufupi huo. Asubuhi abiria alikuwa mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabla ya chakula cha mchana yuko mita 3,500. Kimo hicho hakipungui sana kile cha kibanda cha Horombo, ambako wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika kwa miguu siku ya pili.

Huko juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi humpatia mtu kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Kichwa humuuma, chakula hakimpiti, usingizi humruka. Ndiyo sababu mwenye nyumba humsihi mgeni wake apumzike siku mbili za mwanzo, anywe maji na aache pombe. Wabishi ni vijana wenye nguvu: humwona bibi kizee akipanda mlima na mzigo mgongoni, nao hutaka kumfuata.

Askari waliupata ujuzi huo kwa taabu. Vita vya 1962 kati ya Uhindi na Uchina vilipozuka, wengi walipelekwa milimani kwa haraka kutoka nchi tambarare, wakaugua. Mwaka 1969 Daktari Inder Singh na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya askari 1,925 waliopatwa na maradhi ya kimo. Yakizidi, maradhi hayo huyajaza mapafu maji, na mgonjwa hana budi kuteremshwa upesi.

Aliyetii hutoka siku ya tatu. Huiona kasri ya ghorofa 9 ya mfalme Sengge Namgyal, iliyojengwa karne ya 17, na chini yake msikiti wa karne hiyo hiyo; huona pia magurudumu ya sala ya Kibudha na maandishi ya herufi za Kitibeti.

Nyumbani hukaribishwa chai iliyosukwa pamoja na siagi na chumvi katika chombo kirefu cha mbao, na unga wa shayiri iliyokaangwa. Anayetazamia sukari atashtuka. Kikombe kikipungua kidogo tu, mama mwenye nyumba hukijaza tena. Aliyetosheka hukiacha kimejaa mpaka wakati wa kuaga.