Herufi si diski

Majuzi mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alinijia nyumbani, mtaani Jamhuri, ameikumbatia tarakilishi kama mama aliyebeba mwana mgonjwa. Alikuwa amenunua mashine iliyokwisha kutumika, akatia ndani yake diski ngumu ya pili, ile ya zamani yenye sauti za wazee aliowarekodi kwa ajili ya tasnifu yake. Programu ikamwambia faili hazipo. Fundi akamshauri aifomati diski, yaani aifute. Naye mmoja wa wazee wale alikuwa amekwisha kufariki.

Sauti zilikuwapo zote. Kilichobadilika ni herufi. Katika mashine ya awali diski ile iliitwa D. Katika hii, D ilikuwa na mwenyewe, ikapewa E. Programu ikawa inabisha hodi kwa jirani.

Ndugu msomaji, desturi hii ilienea na tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981. A na B zilikuwa za disketi; diski ngumu ilipokuja na modeli ya XT mwaka 1983, ikaangukia C. Disketi zimetoweka, lakini C haikupandishwa cheo. Ajabu ni kwamba katika maandishi ya Kiswahili herufi hiyo haisimami pekee! Enzi za MS-DOS, sehemu kuu ya diski mpya iliweza kuinyakua D, na D ya jana ikaamka ikiitwa E.

Sisi wanaisimu tulifunzwa na Ferdinand de Saussure kwamba uhusiano wa kitaja na kitajwa ni wa nasibu. Herufi ya diski ni jina tu, na jina hubadilika mwenye jina akibaki yule yule.

Basi nashauri hivi. Windows ina sehemu ya kusimamia diski: ipe diski ya pili herufi ya mbali, kama T, ili isigombaniwe na vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa. C usiiguse. Na mashine ikikuomba uifomati diski yenye kazi yako, kataa kwanza, kisha uchunguze.

Liko kosa jingine, nalo huwapata walimu wengi. Mtu huhifadhi mitihani katika C, nakala akaiweka D, akalala usingizi. Mara nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja: diski ikifa, vyote vimekwenda. Hata diski mbili zilizo ndani ya sanduku moja huibwa na mwizi mmoja. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya tarakilishi huoza, isipokuwa imegawanywa.

Mwanafunzi wangu nilimpa T. Kisha nikamsihi atoe nakala nyingine, akaihifadhi kwa mamaye.